Mgongo Wazi Hutangulia Kadi ya Kliniki

Mama wa kijiji cha Ngarambe, Rufiji, akianza kliniki mimba ikiwa ya miezi minne, hupewa vidonge vya kuongeza damu vyenye asidi ya foliki. Avimeze, vina kazi yake. Ila kwa mgongo wazi vimechelewa. Mrija unaozaa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba itunge, wakati mwanamke ndiyo kwanza anashangaa hajaona siku zake. Usipofunga upande wa mgongoni, mtoto huzaliwa na uvimbe au kidonda mgongoni. Utafiti wa nchi kadhaa uliochapishwa Uingereza mwaka 1991 ulihusu wanawake waliokwisha kuzaa mtoto mwenye hali hii: foliki iliyoanzwa kabla ya mimba ilipunguza kurudia kwa 72%. Kwa hiyo mikrogramu 400 kwa siku zitangulie mimba. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi aandikiwe na daktari dozi kubwa zaidi. Anayesema ni mkono wa mtu atueleze mkono gani huo unaozuiwa na kidonge. Bibi zetu walikula kisamvu, kweli, lakini foliki huyeyuka majini na huharibiwa na moto, na kisamvu hakiivi kwa dakika tano. Unga wenye virutubishi nao, uliowekewa kanuni mwaka 2011, hutoka zaidi viwanda vikubwa. Mahindi ya mashine ya kijijini kwa kawaida hutoka yalivyoingia.

Kinga haiwafikii wote, na mama asilaumiwe. Mtoto akizaliwa na kidonda, kisipakwe majivu wala dawa ya majani: kifunikwe kwa shashi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, alazwe kifudifudi, anyonye, apewe rufaa. Zamani watu walimiminika Ngarambe kufuata maji ya Kinjeketile, mganga wa Vita vya Maji Maji. Safari ya mtoto huyu ni ya kutoka Ngarambe, hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ikiwezekana kidonda kizibwe ndani ya saa 48. Wapo wanaouliza nauli ya nini, ikiwa miguu huenda isipone. Ni kweli, upasuaji haufufui mishipa ya fahamu iliyokwisha kuumia. Unazuia vijidudu visipande ubongoni, na hivyo ndivyo vinavyoua. Aliyechelewa aende vilevile. Akirudi nyumbani, kichwa kipimwe kwa utepe kila kliniki, maana maji hujaa ubongoni kwa wengi wa watoto hawa. Kikikua haraka, utosi ukavimba, macho yakaelemea chini, safari ianze siku hiyohiyo.