Vumbi la Mchanga wa Kusubia
Karne ya 19, majembe ya wahunzi wa Kisumbwa yaliuzwa Tabora, kwenye njia ya misafara. Leo mafundi nchini husubu sufuria za alumini kwa kalibu za mchanga. Wapendwa wasomaji, vumbi lake tulijue.

Mchanga wa kawaida una madini ya silika. Vumbi lake likivutwa miaka mingi hukakamaza mapafu na kukaribisha kifua kikuu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauponi. Viwanda vingine hutumia mchanga wa kutengenezwa, punje za kauri zenye silika huru kidogo.

Tusio nao tufanyeje? Tuchekeche mahali pa wazi, tunyunyizie maji mchanga uliokwisha kupoa, watoto wakae mbali. Lakini tusimimine alumini ya moto kwenye kalibu iliyolowa, italipuka. Tukikohoa wiki mbili, twende hospitali, tumtajie daktari kazi yetu.