Hofu Inayokuja Ghafla: Tuielewe na Tuitibu

Katika somo hili twataka kueleza ugonjwa ambao wengi wetu tumeuona bila kuutambua. Sisi wenyewe tulikosea juu yake, na kosa hilo ndilo lililotusukuma kuandika.

Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu, alikuwapo mwanachuo mmoja mwenye akili nyingi. Siku moja, wakati wa mazoezi ya kufundisha, alisimama mbele ya watoto wa darasa la nne, chaki mkononi, akaanza kutetemeka. Jasho lilimtoka, pumzi ikambana, akashika kifua, akatoka nje mbio. Baadaye alituambia, "Mwalimu, nilidhani ninakufa." Alipimwa, asionekane na ugonjwa. Basi sisi tukamwambia ajikaze, aache woga wa kitoto. Jambo lile likarudia mara ya pili na ya tatu, hata akaogopa kukaribia mlango wa darasa. Wenzake walisema amerogwa. Wengine wakasema imani yake ni haba. Kabla ya mwaka kwisha akaacha chuo.

1. Ni ugonjwa gani?

Ukikutana na nyoka njiani, mwili wako hauna nafasi ya kungoja ufikiri. Ubongo hutoa amri, na tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hupiga mbio ili miguu ipate damu ya kukimbilia, pumzi huongezeka, jasho hutoka ili mwili upoe. Hiki ni king'ora chetu cha hatari, nacho hutuokoa. Katika shambulio la hofu, king'ora hicho hulia ingawa nyoka hayupo.

Mtu anapohema upesi mno, hutoa hewa chafu kupita kiasi, na hilo huleta kizunguzungu na ganzi ya vidole. Akiziona dalili hizo hudhani moyo unasimama, au kwamba anapata kichaa. Kwa hiyo huogopa zaidi, na moyo huzidi kwenda mbio. Hofu huzaa dalili, na dalili huzaa hofu. Shambulio hufika kileleni kwa dakika chache tu, mara nyingi kabla ya dakika 10, kisha hupungua. Ni mateso makubwa, lakini shambulio lenyewe haliui.

Kupata shambulio moja si lazima kuwa mgonjwa. Ugonjwa huwapo pale mashambulio yanaporudia, na mtu akawa anaishi kwa kuliogopa lijalo: hapandi basi, haendi sokoni, kanisani hukaa karibu na mlango. Wako pia wenye wasiwasi wa kila siku kwa miezi mingi, na wale waogopao mno kutazamwa na watu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na magonjwa ya wasiwasi. Basi si aibu ya mtu mmoja, wala ya ukoo mmoja.

2. Mfano wa Claire Weekes

Huyu alikuwa mwanamke wa Australia, aliyezaliwa mwaka 1903. Alipokuwa kijana aliambiwa kwa makosa kwamba ana kifua kikuu, akalazwa. Hata baada ya kutoka, moyo wake ulimwenda mbio naye akauogopa. Rafiki yake, aliyekuwa askari katika Vita Kuu ya Kwanza, alimweleza kwamba askari nao walipatwa na hali hiyo kwa sababu ya hofu. Neno hilo lilimfungua. Baadaye alisomea udaktari, na mwaka 1962 akatoa kitabu juu ya mambo haya. Mafundisho yake yalikuwa mepesi kukumbuka: ikabili hofu, ikubali, usishindane nayo, uache muda upite.

3. Matibabu

(a) Kupimwa kwanza. Ugonjwa wa moyo, tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, na upungufu wa damu huweza kuleta dalili zinazofanana. Mwenye maumivu ya kifua asijiambie ni hofu tu. Aende hospitali mara moja.

(b) Mazungumzo na mazoezi. Mganga au mshauri aliyefunzwa humsaidia mgonjwa kuikaribia hofu yake hatua kwa hatua. Yule mwanachuo wetu angaliweza kuanza kwa kusimama katika darasa tupu. Kisha mbele ya wenzake wawili. Kisha mbele ya watoto watano. Hata afike darasa zima. Katika kila hatua hubaki mpaka hofu ipungue. Kukimbia huleta nafuu ya mara moja, lakini huufundisha ubongo kwamba darasa lile lilikuwa hatari kweli.

(c) Dawa. Ziko dawa kama fluoksetini na setralini. Hazifanyi kazi kwa siku moja; yataka kungoja wiki kadhaa, na haifai kuziacha ghafla. Diazepamu hutuliza upesi, lakini mwili huizoea na kuacha huwa kazi. Isinunuliwe dukani bila amri ya mganga.

(d) Desturi za nyumbani. Punguza kahawa na chai kali. Pombe hutuliza jioni, kesho yake huongeza wasiwasi. Usingizi wa kutosha na kutembea kila siku husaidia.

4. Tumsaidieje aliyeshikwa?

Tukae naye, tuseme kwa upole kwamba hali hii itapita. Apumue polepole, na kutoa pumzi kuchukue muda mrefu kuliko kuivuta. Tusimzonge, tusimmwagie maji, tusimpigie kelele. Zamani wengine walishauri kupumulia ndani ya mfuko. Tusifanye hivyo, maana huenda ana pumu au ugonjwa wa moyo.

Wala tusimwambie kwamba hana imani. Tukishikwa na malaria twaomba, na dawa twameza. Tukumbuke habari za Eliya katika 1 Wafalme 19: alikimbia kwa hofu hata akataka kufa, na kabla ya kuulizwa neno lolote alipewa usingizi, mkate na maji.

Nawe uliyekuwa mwanachuo wetu, kama gazeti hili litafika mikononi mwako, twakuomba radhi. Hukuwa mwoga. Ulikuwa mgonjwa, nasi hatukujua.

Maswali ya kujadiliana nyumbani na katika vikundi

1. Kwa nini kukimbia huongeza hofu badala ya kuimaliza?
2. Ni maneno gani tumezoea kuwaambia wenye wasiwasi, na tuseme nini badala yake?
3. Je, katika mtaa wetu yuko aliyeacha kuja ibadani kwa sababu ya hofu? Ni nani atakayekwenda kumtembelea wiki hii?