Mteja akikuandikia "that's a steal" usikasirike: misemo ya Kiingereza inayogusa mfuko wako

Leo tunaongelea Kiingereza, ila siyo kile cha darasani. Tunaongelea misemo, yaani yale maneno ambayo ukiyafasiri moja moja yanakupeleka kwingine kabisa. Mtu akikwambia "jana nimepigwa Kariakoo" humuulizi kama amechukua PF3. Unajua tu kauziwa kitu kwa bei ya juu. Basi wenzetu nao wana "nimepigwa" zao, tena nyingi, na siku hizi zinaingia inbox zetu kila siku: mtalii aliyeona vikapu vyako Instagram, ndugu yetu wa Texas anayemtafutia rafiki yake kikoi, saplaya wa Guangzhou anayekuandikia habari za mzigo. Ukielewa vibaya, oda imeondoka.

Tuanze na bei, maana hapo ndo kuna vurugu.

Mteja anaandika "that's a steal". Steal ni kuiba. Muuzaji anasoma, anaona kaitwa mwizi, anajibu kwa hasira au anakaa kimya. Kumbe mwenzake anamsifia! Anamaanisha bei ni ndogo mno, kama vile kitu anakibeba bure. Kwetu tungesema bei ya kutupa, bei chee. Ukiandikiwa hivyo usipunguze hata mia, tuma namba ya malipo haraka. Sasa linganisha na huu: "that's daylight robbery". Huu nao ni wizi, wizi wa mchana kweupe, ila hapa ni lawama kweli, bei yako imemkaba. "It's a rip-off" ni mbaya zaidi, maana ndani yake kuna shutuma kwamba unamdanganya. Halafu kuna "it costs an arm and a leg", kwamba kinagharimu mkono na mguu. Hapo anasema ni ghali sana, lakini hakutukani. Mara nyingi mtu wa aina hii bado anakitaka, anakufungulia mlango wa mazungumzo. Mweleze kwa nini bei iko hivyo: siku ngapi za kusuka, ngozi ya aina gani. Usimkimbie.

"Can you give me a ballpark figure?" Ballpark ni uwanja wa besiboli, mchezo wa Wamarekani, lakini mteja hataki habari za mpira. Anataka bei ya kukadiria tu. Mpe, ila iandike wazi kwamba ni makadirio, la sivyo kesho atakushikia hapohapo. Na saplaya akikupa ballpark ya usafirishaji, usiitangaze kwa wateja kama bei kamili. Kuna watu wanachukua oda 30 kwa bei ya kukisia, mzigo ukipimwa kilo zimezidi, faida yote inaliwa na usafiri. Subiri invoisi.

Kwenye kupatana utakutana na "let's split the difference". Umesema dola 50, yeye kasema 40, tofauti ni 10. Anataka mgawane hiyo tofauti, yaani 45. "Can you meet me halfway?" ni jamaa wa huohuo, na sisi tuliozoea delivari ndio unatupiga chenga: mtu anaweza kujibu "halfway wapi, Ubungo au Mwenge?" Hakuna kukutana popote. Anaomba ushuke bei, naye apande, mkutane katikati. Kabla ya kusema sawa piga hesabu. Kama kikapu na kifungashio vimekutoka dola 38, kwenye 45 unabaki na 7, na hapo hujaongelea usafiri.

Usafiri wenyewe ndo huu: "who foots the bill for shipping?" Foot ni mguu, lakini swali ni nani analipa. Watu wengi wakiona sentensi imewazidi wanajibu "yes, no problem". Kwa mteja hiyo ni ahadi kwamba unalipa wewe! Jibu kwa mstari mmoja usio na kona: "Shipping is paid by the buyer." Na ushauri wangu kwa msemo wowote usioujua ni huohuo, mrudishie kwa namba na tarehe: "Just to confirm: 45 dollars, 2 baskets, I send on Monday?" Hakuna atakayekucheka. Mteja makini anapenda hivyo.

Tuje kwenye ndiyo na hapana. "I'm sold" haina maana kwamba kauzwa. Ameshawishika, amekubali, kwa hiyo acha kuendelea kuisifia bidhaa, mpe maelezo ya kulipia. "I'll pass" ni hapana, tena ya adabu. Angalia hapo, kwa sababu neno pass tunalijua kama kupita, na muuzaji anaweza kumwekea mtu mzigo wiki nzima akisubiri apite kuuchukua. Hapiti. "Let me sleep on it" anataka alale nayo, atakujibu kesho, kwa hiyo usimtumie meseji tano usiku. "I'm on the fence" yuko juu ya uzio, hajashukia upande wowote. Huyu muulize kinachomzuia. Ni saizi, ni rangi, au hana uhakika kama mzigo utafika?

"I'll take a rain check" ina historia yake. Marekani, karne ya 19, mvua ikivunja mechi ya besiboli mtazamaji alibaki na kipande cha tiketi cha kumwingiza siku nyingine. Kwenye mazungumzo ya kawaida maana yake ni "siyo leo, labda siku nyingine". Lakini maduka ya kule nayo yakaichukua: kitu cha ofa kikiisha, mteja anapewa karatasi ya kuja kukinunua baadaye kwa bei ileile ya ofa. Kwa hiyo mtu akikuuliza "do you give rain checks?" usiitikie tu. Ukikubali umejifunga kwenye bei ya ofa hata kama mzigo mpya utaingia kwa gharama kubwa.

Kuna misemo ya wino pia. "In the red" uko kwenye hasara, "in the black" uko kwenye faida, kwa sababu watunza hesabu waliandika upungufu kwa wino mwekundu. Wengi wanasema Black Friday ndiko ilikotoka, siku maduka yanapoanza kuona faida. Ni hadithi tamu, ila jina lilitumiwa na polisi wa Philadelphia miaka ya 1950 na 1960, wakilalamikia foleni na umati wa siku hiyo. Habari ya faida ilikuja baadaye.

Kwa saplaya, ushike sana huu: "the ball is in your court". Ni wa tenisi. Mpira uko upande wako, yaani yeye kamaliza, anakusubiri wewe ujibu au ulipe. Wewe unasubiri yeye, yeye anasubiri wewe, mzigo umekaa stoo. "Let's table this" ni mtego wa pekee: Mwingereza anamaanisha tulijadili sasa, Mmarekani anamaanisha tuliweke kando. Muulize tu, "now or later?" Na mtu akikuletea simu za bei ya ajabu huku akitania kwamba "they fell off the back of a lorry", kwamba zilidondoka nyuma ya lori, huo ni utani wa Waingereza kwa mali ya wizi. Usiguse, maana kupokea mali ya wizi ni kosa hata kama hukuiba wewe.

Wa mwisho unatuhusu sisi wa mtandaoni kuliko wote. Mteja anaandika "I don't want to buy a pig in a poke". Usishtuke na huyo nguruwe. Poke ni neno la zamani la gunia, na sisi tunao msemo uleule, tofauti ni mnyama tu: kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Hajakuita tapeli. Anasema anaona picha tu, hajaona kitu. Basi mfungulie gunia. Mrekodie video ya kitu chenyewe, siyo picha uliyoitoa kwenye ukurasa wa saplaya. Kigeuze, onyesha mshono wa ndani, weka rula pembeni, na utaje jina lake mwanzoni ili ajue video imerekodiwa kwa ajili yake.