Landrova ya Zamani: Jinsi ya Kujua Iliundwa Mwaka Gani

Muuzaji anasema gari ni la 1962. Kadi inasema 1974. Taa kubwa ziko kwenye madigadi. Hapo tayari mambo matatu yanagongana, na anayetaka kununua, kukata bima au kuagiza spea anahitaji mwaka mmoja. Mwongozo huu unahusu Landrova za Series I, II, IIA na III, zilizoundwa Solihull, Uingereza, kuanzia 1948 hadi 1985.

Kadi iweke kando kwanza. Mwaka ulioandikwa humo mara nyingi ni wa kusajiliwa, si wa kuundwa. Landrova nyingi za kwetu zilitumikia serikali, mashamba au misheni, kisha zikauzwa kwa mnada na kusajiliwa upya. Nchini Kenya namba za KAA zilianza 1989, miaka minne baada ya Series III kukoma, na bado utakuta Landrova nyingi zenye namba za namna hiyo.

Hatua ya 1: Pima urefu

Chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, upande mmoja. Ukipata inchi 80, una Series I ya kati ya 1948 na 1953. Inchi 86 au 107 ni Series I zilizofuata. Kuanzia 1956 zikaja za inchi 88 na 109, na vipimo hivyo vikabaki hadi mwisho. Kwa hiyo ukipata 88 au 109, kipimo hakijakusaidia sana. Endelea.

Hatua ya 2: Tazama umbo, lakini usiliamini peke yake

Series II ilitoka 1958 ikiwa na ubavu uliobinuka chini ya madirisha. Ubavu wa Series I ni bapa. Series IIA ilifuata 1961, na kwa macho haina tofauti kubwa na II. Taa kubwa zilikuwa katikati, pembeni mwa grili, hadi mwaka 1968 na 1969 zilipohamishiwa kwenye madigadi. Series III ilikuja mwishoni mwa 1971: grili yake ni ya plastiki, na saa zake zimehamia mbele ya dereva. Kwenye II na IIA saa ziko katikati ya dashibodi.

Tatizo ni kwamba vipande hivi vinaingiliana. Madigadi, boneti na milango ya gari moja vinafungwa kwenye jingine kwa boliti chache, na bodi ya aluminiamu haiozi, hivyo hutembea kutoka gari hadi gari kwa miaka hamsini. Nikiona grili ya plastiki huwa ninainama kutazama dashibodi kabla ya kusema lolote. Dashibodi ni kazi kubwa kubadilisha. Grili hubadilishwa kabla chai haijapoa.

Hatua ya 3: Isome namba ya chesisi kwenye chuma chenyewe

Hapa ndipo penye jibu, na hapa ndipo usipopaswa kuwa na haraka. Kibati cha namba ndani ya gari hushikwa kwa ribiti tu, kwa hiyo kinaweza kuhamishwa. Namba iliyogongwa kwenye chesisi ndiyo ya kutafutwa. Kwa Series II na kuendelea, nenda mbele upande wa kulia, kwenye pembe ya chesisi nyuma ya bampa, pale springi inaposhikiliwa. Utakuta matope, grisi na rangi tabaka juu ya tabaka. Osha kwa dizeli kidogo, sugua taratibu kwa brashi ya waya, kisha paka chaki na ufute juu: chaki itabaki ndani ya tarakimu. Usitumie mashine ya kusaga, kwani itakula namba. Piga picha mwanga ukitoka ubavuni.

Ukikuta pembe ni laini kabisa, au pana weldi mpya, chesisi imebadilishwa au imekatwa. Si lazima iwe wizi, maana chesisi ya chuma huoza, hasa pwani. Lakini muulize muuzaji karatasi za kazi hiyo kabla ya kutoa pesa.

Hatua ya 4: Ifungue namba

Kwenye Series II tarakimu tatu za kwanza ni aina ya gari, na ya nne ni mwaka: 8 ni 1958, 9 ni 1959, 0 ni 1960, 1 ni 1961.

Kwenye IIA tarakimu ya mwaka iliondolewa. Inchi 88 ya petroli huanza na 241 ikiwa ya soko la Uingereza, 242 ikiwa ya kusafirishwa nje na usukani kulia, na 243 ikiwa iliondoka Solihull kwa vipande ikafungwe nchi nyingine. Kwa Series III, namba hizo ni 901, 902 na 903. Herufi ya mwisho, A, B, C na kuendelea, huonyesha mabadiliko ya kiufundi yanayomhusu fundi. Si mwaka, ingawa wengi huisoma hivyo.

Mwaka unapatikana kwa kulinganisha tarakimu zinazofuata na jedwali la namba za kuanzia kila msimu, lililomo katika vitabu vya spea na vya ufundi vya gari hizi. Kumbuka msimu wa kiwanda ulianza kabla ya Januari: gari la msimu wa 1965 linaweza kuwa limeundwa mwishoni mwa 1964. Kuanzia mwishoni mwa 1979 Landrova zilipewa namba ndefu yenye herufi na tarakimu, hivyo ukiikuta, gari si la kabla ya hapo.

Kwa gari la vipande kuna miaka miwili halali: wa kutoka Solihull na wa kufungwa. Landrova zilifungwa Thika katika kiwanda cha Leyland Kenya, kilichoanzishwa 1974. Vipande vilisafiri kwa meli na kukaa stoo, kwa hiyo miaka hiyo inaweza kupishana.

Hatua ya 5: Thibitisha

Tafuta tarehe kwenye vifaa vya umeme vya Lucas, kama stata na jenereta. Vingi vimegongwa mwezi na mwaka. Vikikubaliana na chesisi, vizuri. Visipokubaliana, chesisi ndiyo inayoshinda. Injini usiifuate, maana hubadilishwa mno.

Mwisho, British Motor Museum iliyoko Gaydon, Uingereza, hutoa kwa malipo cheti kutoka rekodi za kiwanda, chenye tarehe ya kuundwa na mahali gari lilipopelekwa. Wapelekee namba ya chesisi pamoja na picha zako.

Kama kadi ina mwaka tofauti, peleka ushahidi NTSA kwa Kenya au TRA kwa Tanzania wakarekebishe. Usigonge namba wewe mwenyewe, hata kama unajua ni sahihi. Na kama ushahidi unaishia kwenye miaka miwili, mwambie mnunuzi yote miwili.