Mkataba kwa Simu: Kikao Huisha Lini?



Ndugu zangu katika imani, muhula uliopita niliuza laptopu moja mara mbili. Sikujua kwamba ndicho nilichofanya mpaka tulipofika mlango wa mauziano katika somo la Fiqhi.

Niliweka picha yake WhatsApp asubuhi. Ndugu mmoja wa hosteli ya jirani akanipigia, tukavutana bei, mwishowe nikamwambia, "Haya, nimekuuzia kwa 620,000." Akajibu, "Nimekubali. Inshaallah nakutumia pesa baada ya Magharibi." Tukaagana. Alasiri akaja mwingine, akanitumia 680,000 kwa simu papo hapo, nikampa mzigo. Yule wa kwanza alipolalamika nilimjibu kwamba hakuwa ametuma hata shilingi moja, kwa hiyo hatukuwa na biashara.

Wiki mbili baadaye Ustadhi akatufundisha majlisi ya akdi, yaani kikao cha mkataba. Mauziano husimama kwa ijabu na kabuli: mmoja anatoa tamko la kuuza, mwenzake analikubali. Malipo yanaweza kufuata baadaye kama walivyoafikiana. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba muuzaji na mnunuzi wana hiari ya kuvunja madhali hawajaachana. Mashafii na Mahanbali wamefahamu kuachana kwa miili. Mahanafi na Mamaliki wanaona biashara hufunga mara tu maneno yanapotimia.

Sasa tujiulize: watu wawili wanaozungumza kwa simu wamekaa kikao gani? Swali hili si geni kama tunavyodhani. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, alitaja katika al-Majmuu watu wawili wanaoitana kwa mbali wakauziana, akasema biashara yao ni sahihi. Mwaka 1990 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Jeddah na kulijadili jambo lenyewe. Liliamua kwamba wanaoafikiana kwa wakati mmoja wakiwa mahali mbalimbali, kwa simu au kwa mawasiliano yasiyo ya waya, huhesabiwa kama waliopo pamoja. Wanaoandikiana, mkataba wao hutimia pale tamko linapomfikia mwenzake naye akalikubali. Na aliyetoa tamko akaweka muda, hana ruhusa kurudi nyuma kabla muda huo kwisha.

Nilipima kisa changu kwa mizani hiyo, nikaona hakuna madhehebu ya kunikinga. Tamko lilitoka, likakubaliwa, tukaagana na simu ikakatwa. Saa ile laptopu ilikuwa mali ya yule ndugu, na mimi nilikuwa namdai 620,000. Alasiri niliuza mali ya mtu.

Nilimwendea mnunuzi wa pili nikamweleza bila kuficha. Alikasirika, na alikuwa na haki, lakini alikubali kurudisha. Nikamtumia 680,000 zake, ada zote nikabeba mimi. Kisha nikamwendea wa kwanza na laptopu mkononi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nilikuwa nimekuondoa katika watu ninaoswali nyuma yao." Neno hilo liliniuma kuliko ile 60,000 niliyoikosa.

Ndugu zangu, tangu huduma ya pesa za simu ianze hapa Uganda mwaka 2009, tumezoea kuamini kwamba jambo halijawa mpaka ujumbe wa malipo uingie. Hiyo ni desturi ya mashine. Sheria yetu hutazama neno kwanza. Baraza lile lilitoa pia mambo matatu ambayo hayaingii katika ruhusa hiyo ya jumla: ndoa, kubadilisha fedha, na biashara ya salamu, ambayo bei yake lazima itangulizwe. Mawili ya kwanza yanatugusa sana.

Kubadilisha fedha. Wenzetu wa kutoka Kenya huandika kwenye kundi, "Nani ana shilingi za Uganda?" Mmoja anatuma leo, mwenzake anatuma kesho. Hapo imeingia riba ya kuchelewesha, hata kama wote wawili wameridhika. Baraza hilohilo liliamua kwamba pesa kuingizwa katika akaunti ya mtu ni kukabidhiwa. Kwa hiyo kaeni pamoja, kila mmoja atume, na msiachane kabla pande zote mbili hazijapokea.

Ndoa. Mawalii wengi wa dada zetu wako Ghuba kikazi. Kinachozuia akdi kwa simu ni mashahidi. Njia iko: walii amuwakilishe mtu aliye hapa, naye akae na bwana harusi mbele ya mashahidi wawili. Huo uwakilishi waweza kutolewa kwa simu.

Na kazi? Tunaofanya vibarua madukani mjini huajiriwa kwa simu ya dakika mbili. Ijara ni mkataba: ujira ujulikane, na kazi au muda ujulikane. Usiposema saa, utapigiwa saa nne usiku na hutakuwa na pa kusimama. Nawe ukishakubali saa, zile ni za mwajiri. Kuzimalizia katika kuperuzi simu ni kumpunja.

Nimejiwekea utaratibu huu, nanyi mnaweza kuujaribu. Kama sijaamua, nasema "bado tunajadiliana", sisemi "nimekuuzia". Nikitoa muda, nautaja kwa saa. Kasoro ya bidhaa naitaja kabla ya bei. Na tukishaafikiana kwa sauti, naandika meseji fupi: kitu, bei, siku ya malipo. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetuamrisha kuandika deni lenye muda, na leo kalamu iko mfukoni mwa kila mmoja wetu.

Aliye na neno alilolitoa kwa simu kisha akalikwepa, atazame upya mazungumzo yake ya mwezi huu. Huenda kuna haki ya mtu humo, na ni rahisi kuirudisha tukiwa bado chuo kimoja.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.