Kumfundisha Mtoto Nyumbani Habari za Mungu Muumba

Siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, bwana mmoja niliyemfundisha miaka mingi iliyopita alinivuta kando chini ya mwembe. "Mwalimu," akasema, "nina shida. Mwanangu wa miaka saba aliniuliza tukiwa tunakula: Baba, ikiwa Mungu aliumba vitu vyote, Mungu naye aliumbwa na nani? Nikamwambia nyamaza, kula chakula chako. Tangu siku hiyo haniulizi tena neno la dini." Hakucheka aliposema hayo, nami sikucheka. Somo hili naliandika kwa ajili yake, na kwa ajili yenu wanafunzi ambao mtaitwa baba kabla hamjadhani.

Watu wengi huona kwamba kufundisha habari za Mungu ni kazi ya padre na katekista tu. Sivyo. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, ulisema wazi kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Tena jambo hili ni la kale sana. Fungueni Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya saba. Humo mna habari za mama mmoja na wanawe saba, walioteswa na mfalme Antioko kwa sababu walikataa kula nyama ya nguruwe, iliyokatazwa na sheria yao. Sita walikwisha kuuawa mbele ya macho yake. Mfalme akamtaka mama amshawishi kitinda mimba aiache sheria, apate kuishi. Mama akamwinamia mwanawe, akasema naye kwa lugha ya wazee wao. Akamkumbusha miezi tisa ya mimba na miaka mitatu ya kunyonya. Kisha akamwambia atazame mbingu na nchi na vyote vilivyomo, ajue kwamba Mungu hakuvifanya kwa vitu vilivyokuwapo tayari. Basi, asiogope kufa, maana aliyempa uhai pasipo kitu aweza kumrudishia.

Angalieni neno hili. Fundisho la kuumba pasipo kitu lilitangazwa na Mtaguso wa Nne wa Laterano mwaka 1215, mbele ya maaskofu wengi. Lakini karne nyingi kabla yao twalikuta kinywani mwa mama, likisemwa kwa lugha ya nyumbani, tena saa ya mauti.

Mtoto atalielewaje? Mpelekeni kwa mfinyanzi. Mtakatifu Noa Mawaggali, aliyeuawa kwa ajili ya imani huko Mityana tarehe 31 Mei 1886, alikuwa mfinyanzi. Lakini mfinyanzi, hata awe hodari namna gani, hawezi kufinyanga pasipo udongo. Mtoto na aone udongo, maji, na moto wa kuchomea vyungu. Kisha mwulizeni, udongo wenyewe umetoka wapi? Hapo ndipo tofauti ya kutengeneza na kuumba inapoanza kuonekana. Hapa Buganda lugha yenyewe hutusaidia, maana jina Katonda latokana na kutonda, yaani kuumba.

Lakini msiishie kwa mfinyanzi, maana kuna hatari. Mfinyanzi akienda sokoni, hata akifa, chungu chake chabaki. Mtoto aweza kudhani kwamba Mungu naye alimaliza kazi zamani, akaenda zake. Kanisa halifundishi hivyo. Mungu anavishika viumbe vyake sasa hivi, dakika hii. Mfano ulio bora ni wa mwimbaji: akinyamaza, wimbo hauko tena.

Sasa swali la yule mtoto. Kila kitu chenye mwanzo kina haki ya kuulizwa, nani kakuleta? Mungu hana mwanzo, hivyo swali halimfikii. Mimi hutumia mfano wa gari la moshi. Behewa la mwisho lavutwa na lililo mbele yake, na hilo na lililo mbele yake tena. Lakini ungaunganisha mabehewa elfu, hayaendi mpaka kiwepo kichwa kinachovuta bila kuvutwa. (Mfano huu unachechemea kidogo, maana kichwa nacho chataka mafuta. Mtoto mwerevu ataliona hilo, msifuni.)

Neno moja kwa wale wanaosoma sayansi, ambao wakati wa likizo hupenda kuwatatanisha wadogo zao. Mtu aliyetoa wazo kwamba ulimwengu ulianza kama chembe moja ndogo, mwaka 1931, alikuwa padre Mkatoliki wa Ubelgiji, Georges Lemaître. Wala hakupenda watu walitumie wazo lake kama hoja ya kuthibitisha dini. Sayansi huchunguza vitu vilivyopo na jinsi vinavyogeuka; kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwako kabisa, hilo ni swali jingine.

Yule bwana nilimshauri arudi nyumbani, amwombe mwanawe radhi kwa kumnyamazisha, halafu waende kwa mfinyanzi pamoja. Alisita kidogo pale kwenye kuomba radhi, lakini alifanya. Ameniandikia kwamba mtoto anauliza tena. Swali la sasa ni hili: ikiwa kila alichokiumba Mungu ni chema, mbu je? Hilo ni gumu kuliko la kwanza, nami nimeomba nafasi katika toleo lijalo.