Kishindo cha Usiku Mlimani
Somo la familia. Tusome pamoja: Ayubu 4:12–21; Ayubu 22:1–11; Ayubu 42:7–10; Zaburi 104:18–23



Tangu turudi kutoka kambi ya familia kule Cataloochee, katika milima ya Great Smoky, swali ni lilelile: ile sauti ya usiku wa Jumamosi ilikuwa nini? Watoto wanauliza, wazazi wanauliza, hata wasiokuja kambini wanauliza. Kwa hiyo juma hili tunaweka kando masomo yetu ya Wafilipi na kufungua kitabu cha Ayubu.

Kwa ambao hawakuwapo, tuliyoyasikia ni haya. Kama saa nane usiku kililia kitu msituni, sauti ikianza chini na kupanda mpaka ikawa kama filimbi. Kililia mara tatu. Baadaye kidogo kitu kikapita katikati ya mahema. Viti vilipinduka, kamba za mahema mawili zikavutwa, na hema moja likalala upande watoto wakiwa ndani. Akina baba walitoka na tochi, hawakuona kitu. Asubuhi ardhi ilikuwa imejaa majani makavu, na hakuna unyayo uliosomeka. Chakula kilikuwa kimefungiwa ndani ya magari kama sheria ya hifadhi inavyotaka, na hakikuguswa. Ni hayo tu. Mengine yote mliyoyasikia yameongezwa njiani.

Na yaliyoongezwa ni mazito. Kufikia Jumatano, katika sauti zinazotumwa kwa simu, kishindo kile kilikuwa kimepewa jina la mtu. Ni mama mmoja wetu, mzee, ambaye usiku ule alikuwa ametoka nje ya hema lake kuomba, kama alivyozoea miaka yote. Jumapili mbili sasa hatujamwona ibadani.

Katika Ayubu sura ya 4 yuko mtu aliyepatwa na jambo la usiku lisiloelezeka. Ni Elifazi Mtemani, rafiki wa Ayubu. Anasimulia kwamba watu wakiwa katika usingizi mzito, hofu ilimshika na mifupa yake ikatetemeka. Kitu kikapita mbele ya uso wake, nywele zikamsimama. Kikasimama pale, naye hakuweza kutambua umbo lake. Kulikuwa kimya, kisha akasikia sauti. Yeyote aliyekuwa kambini anamwelewa Elifazi vizuri kabisa. Biblia haimcheki, wala haisemi kwamba hakusikia kitu.

Lakini tazameni anachofanya na usiku wake. Anamsimulia nani? Anamsimulia Ayubu, mtu aliyezika watoto kumi kwa siku moja, aliyekaa majivuni akijikuna kwa kigae. Usiku ule unampa Elifazi ujasiri wa kusema kama mtu aliyefunuliwa siri. Katika sura ya 5 anazungumza juu ya watoto wa mpumbavu wanaoangamizwa, mbele ya baba aliyefiwa! Halafu tukifika sura ya 22, yameshakuwa mashtaka kamili: Ayubu amewavua watu nguo, amewanyima wenye kiu maji, amewafukuza wajane mikono mitupu. Elifazi hakuwa na shahidi hata mmoja wa hayo. Alikuwa na nywele zilizomsimama usiku, na maarifa ya wazee, na haja kubwa ya kupata maelezo.

Tunadhani haja hiyo ndiyo hatari kuliko sauti yenyewe. Jambo lisiloelezeka humnyima mtu usingizi. Akipata jina la kulipachika, hata jina la jirani yake, analala. Jirani ndiye anayekesha.

Sasa turudi kwenye milima. Zaburi ya 104 inafundisha jambo ambalo wengi wetu tuliolelewa mijini au kambini kwa wakimbizi tumelisahau: usiku una wenyewe. Mungu huleta giza, na wanyama wa msituni hutoka kutafuta chakula chao kwake. Jua likichomoza wao hurudi mapangoni, na mwanadamu hutoka kwenda kazini. Ni zamu, kama kiwandani. Tulipolala Cataloochee tulikuwa wageni katika zamu ya wengine.

Nao ni wengi. Hifadhi ile ina dubu weusi wapatao 1,900. Wapo bundi wenye milia ambao wawili wakijibizana utadhani ni watu wanaogombana. Na katika bonde lenyewe la Cataloochee wapo elki, ndugu zake ayala tunayemsoma katika Zaburi ya 42. Walikuwa wametoweka katika milima hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja, wakarudishwa kuanzia mwaka 2001, wa kwanza wakiwa 25. Dume ana uzito wa kilo zipatazo 300. Katikati ya Septemba mpaka mwanzo wa Oktoba, majira ya kutafuta majike, dume hutoa mlio unaoanza chini na kupanda mpaka kuwa mwembamba kama filimbi, na husikika zaidi ya kilomita moja. Kambi yetu ilikuwa Septemba.

Je, alikuwa elki? Inawezekana sana, na akipita gizani mwenye pembe zile hashindwi kunasa kamba ya hema. Lakini hakuna aliyemwona, na mlinzi wa hifadhi tuliyemwuliza hakutaka kuapa. Hatutaapa sisi.

Waliopanda Kilimanjaro watakumbuka perere. Usiku msituni hulia kwa kukoroma na kupiga mayowe mpaka mgeni anadhani mtu anachinjwa. Kumbe ni mnyama mwenye ukubwa wa sungura! Zaburi hiyohiyo ya 104, mstari wa 18, inamtaja ndugu yake, wibari, aliyepewa magenge kuwa kimbilio. Na Mungu anapomjibu Ayubu katika sura za 38 na 39, anamwonyesha simba, kunguru, mbuzi wa milimani, mwewe. Ayubu haelezwi kwa nini aliteswa. Anaonyeshwa kwamba dunia ina viumbe vingi ambavyo Mungu anavijua na yeye havijui.

Wapo watakaosema, "Ninyi walimu mmekuwa Wamarekani, hamwamini tena nguvu za giza." Tunaziamini, na tunazikemea katika jina la Yesu. Lakini Waefeso 6:12 inasema vita vyetu si juu ya damu na nyama. Basi hata kama kishindo kile kilitoka kwa adui, mama yule ni damu na nyama, na hayumo katika vita hivyo isipokuwa upande wetu, akiomba.

Tusidhani kwamba maneno haya huishia kwenye simu. Wanaotoka Shinyanga na Mwanza wanajua vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Wanaotoka Kongo wamewaona watoto waliotupwa barabarani kwa kuitwa wachawi. Na kuvuka bahari hakukutuponya: jijini London, siku ya Krismasi mwaka 2010, mvulana wa miaka 15 aliyetoka familia ya Kikongo alikufa baada ya kuteswa siku kadhaa na ndugu yake mwenyewe na mchumba wake, kwa tuhuma ya uchawi.

Mwisho wa Elifazi uko katika sura ya 42. Mungu anamwambia kwamba hakusema yaliyo sawa, wala hamtumi akajifungie chumbani kutubu peke yake. Anamtuma kwa Ayubu, yeye na wenzake wawili, pamoja na ng'ombe saba na kondoo waume saba, ili Ayubu awaombee. Njia ya kurudi ilipita mlangoni kwa yule waliyemshtaki. Waliotuma zile sauti wanaijua nyumba ya mama. Hawahitaji ng'ombe. Wazee wa kanisa wako tayari kuwasindikiza wakiona aibu kwenda peke yao.

Kwa wazazi ambao watoto wao bado hawalali: soma nao 1 Samweli 3. Samweli mtoto alisikia sauti usiku, akamkimbilia mzee Eli, tena na tena, mara tatu. Eli hakumtisha wala hakumwambia ni nani anayemwinda. Alimrudisha kitandani kwa upole mpaka alipotambua ni nini. Mtoto akikuamsha, amka.

Ya kuzungumza mezani juma hili: Elifazi angeweza kumwambia nini Ayubu badala ya yale aliyomwambia? Nani kati yetu anaogopa usiku, na anaogopa nini hasa? Na ni nani atakayempigia simu mama kabla ya Jumapili, kumwuliza kama anahitaji gari la kuja ibadani?